Kanga Iliyotutangulia Uwanjani

Idi ile kanga zote za chama cha juu nilizipinda mimi, doti kwa doti, kwa sindano moja, nikiwa nimefungiwa ndani. Nilikuwa mwali. Kwetu Kisarawe zamani msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, hatoki wala haonwi na mtu wa nje, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Wengine walikaa miezi, wengine mwaka. Mimi nilikaa tangu mahindi yalipopandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Aliyeniweka ndani ni shangazi yangu, dada yake baba. Mama alikwisha kufariki, na shangazi ndiye aliyenilea.

Shangazi alikuwa kwini wa chama. Ndivyo vyama vya ngoma ya lelemama vilivyomwita mkubwa wao, na neno la kwini halikurudishwa. Vyama vilikuwa viwili. Sisi tulikuwa wa juu, upande wa mlimani, na wenzetu walikuwa wa bondeni. Mwaka mzima tulipikiana, tukazikana, tukaazimana vinu. Lakini likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, mwanamke wa juu na wa bondeni wakikutana kisimani wanasalimiana kwa pua.

Sababu ilikuwa ni uwanja. Nyuma ya safu ya maduka ya Wahindi palikuwa na uwanja wa ngoma, na siku za Idi watu walitoka Msimbu, walitoka Maneromango na hata wale wa misheni, wakaja kutazama. Asubuhi wananunua, alasiri wanatazama ngoma. Mafundi wa cherehani walijipanga barazani wakishona kanzu za watu wa dakika ya mwisho, na haluwa ikipikwa hapohapo unaisikia harufu yake mpaka kwetu. Wakati huo vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na nguo, ambazo miaka ya vita zilitolewa kwa kibali, ndiyo kwanza zimeanza kurudi. Basi watu walikuwa na kiu ya nguo. Chama kilichoingia na sare mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona, hicho ndicho kilichoshinda, hata kama kimeimba vibaya.

Ndiyo maana sare ilifichwa. Shangazi alikwenda dukani na mtu mmoja tu, mwimbishaji wetu, wakachagua, wakalipia robota zima ili pasibaki doti ya kuuzwa kwa mwingine. Likaja nyumbani limefungwa kwa gunia kama mzigo wa chumvi, na wanachama wangegawiwa asubuhi ya Idi, si kabla. Kanga hukatwa na kupindwa kabla ya kuvaliwa, na mpindaji wa siri nani zaidi ya mwali, ambaye hatoki? Kwa hiyo tulioijua ile kanga tulikuwa watatu: shangazi, mwimbishaji na mimi. Ilikuwa na mji wa njano, na pindo lake jeusi lina korosho nyekundu. Sijaona tena kanga nzuri kama ile.

Mwimbishaji alikuwa mwenyeji wa Gwata, ameolewa kwetu. Mwembamba, ana mwanya, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake. Nyimbo zote za chama ni yeye aliyezitunga. Alikuwa akija jioni baada ya kufuturu, anakaa mlangoni kwangu anapinda doti mbili tatu kunisaidia, na huku ananifundisha.

"Usilipigie kelele neno," ananiambia. "Liweke chini kama unaweka mtoto aliyelala."

Nikiimba vizuri ananifinya shavu. "Huyu akitoka humu ndani atanifukuza mimi kazi."

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka.

Zilibaki kama siku tano mfungo uishe. Shangazi alikwenda shamba kuchimba muhogo, akaniacha na kizee mmoja jirani anilinde, naye kizee kwa njaa ya saumu akalala ukumbini. Nilisikia zumari linajaribiwa huko madukani, na vicheko vya watu wanaopatana bei. Mwaka na zaidi sijaona duka wala jua la barabarani. Nikasema nitakwenda, nitaangalia kidogo, nitarudi. Na kwa kuwa shetani akikushika mkono hakuachi kwenye kizingiti, nikajifunga ile kanga mpya ndani, nikajitanda kaniki chakavu juu mpaka usoni, yamebaki macho.

Kwa nini niliivaa? Nimejiuliza miaka mingi. Hakuna ambaye angeiona. Nilitaka tu kutembea madukani nikijua ninayo.

Nikapita barazani kwa mafundi, nikatazama vikombe vya maua, vioo, chupa za marashi. Nikasimama mbele ya haluwa na saumu yangu. Ndipo niliposikia mtu nyuma yangu anasema polepole:

"Miguu hiyo naijua."

Ni shoga yangu. Tulicheza kombolela pamoja tangu wadogo, yeye akatolewa mwali mwaka uliotangulia, akaolewa bondeni, na mama mkwe wake ndiye kwini wa bondeni. Nikataka kukimbia, akanishika kaniki.

"Ee! Mwali yuko sokoni! Mwali anatazama haluwa mchana wa Ramadhani! Ngoja niite watu."

"Shoga, nakuomba. Shangazi ataniua."

"Hakuui. Atakurudisha ndani mwaka mwingine, utoke na mvi." Akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, hakuwa na roho mbaya. "Umevaa nini humo ndani? Mbona inasema kwakwa-kwakwa kama karatasi? Nguo mpya hiyo."

"Si kitu."

"Ni sare yenu. Wee! Ni sare." Macho yakamtoka. "Nionyeshe pindo tu, nami sijakuona. Hukunionyesha, nimekuona."

Tulikuwa tumesimama kati ya duka na duka, mahali wanapomwaga maji machafu. Nikainua kaniki. Kidogo tu, kama kiganja. Akatazama, akashusha pumzi.

"Zuri," akasema. "Nenda nyumbani, mjinga wewe."

Nikarudi, kizee bado anakoroma. Nikaikung'uta kanga, nikaikunja, nikaitia katikati ya nyingine. Nikaswali, nikalia kidogo, nikaendelea kupinda. Nilijiambia pindo si kanga, na shoga ni shoga.

Asubuhi ya Idi mosi nilitolewa. Walinipaka hina na wanja, wakanivika ile sare na shanga, nikabebwa mabegani mwa mwanamke mmoja mwenye nguvu, mtani wetu, ili watu wote wamwone mwali. Nyuma na mbele chama kizima kimejipanga, kila mmoja njano na nyeusi, wananukia udi, na shangazi mbele ameshika mwavuli. Mwimbishaji alikuwa pembeni yangu, kila mara ananigusa mguu kunituliza.

Kwa kuwa nilikuwa juu ya bega, mimi ndiye niliyeona kabla ya wengine wote.

Katikati ya uwanja bondeni walikuwa wamemtanguliza mchekeshaji wao, mzee wa makamo mwenye kitambi na miguu kama fito. Alikuwa amevaa kanga yetu. Moja kiunoni, moja kichwani, na nyuma amejaza matambara mpaka makalio yanayumba. Ameshika mwavuli uliovunjika, anatembea kama shangazi anavyotembea, pua juu, polepole, anasimama, anajipepea. Doti moja ile waliitafuta Dar es Salaam. Walimpandisha mtu kwenye lori la mkaa usiku wa siku ileile niliyoinua kaniki, nilikuja kujua baadaye. Doti moja ilitosha.

Watu walikuwa wamelala chini kwa kucheka. Halafu wakageuka, wakatuona tunaingia, sote, tumevaa kama yeye.

"Babu!" akapiga kelele mtu mmoja. "Wake zako hao wamefika!"

Mzee akatukodolea macho, akashika kiuno. "Mimi nimewaacha nyumbani wakaange pilau, nani kawafungulia mlango?"

Uwanja ukapasuka. Nikaona shingo ya shangazi. Haikugeuka. Alitembea vilevile mpaka mahali petu, nasi nyuma yake, na mwimbishaji akaanza wimbo. Aliuimba wote, mstari kwa mstari, hakukosea hata neno, na hakuna aliyeusikia. Mzee wa bondeni alikuwa akiitikia kwa sauti ya mbuzi.

Alasiri tulikusanyika uani kwa shangazi. Majina ya wote waliokaa kwenye mikeka siku ile ninayo, na nani alikaa karibu na nani. Siyaandiki, wajukuu wao wapo na kosa si lao. Hakuna aliyekula. Shangazi akasema:

"Kanga hii tulikuwa tukiijua watatu. Mmoja ni mimi. Mmoja ni mwali, hakutoka nje ya mlango huu."

Hakumtaja wa tatu. Kila mtu alimtazama mwimbishaji.

"Mimi?" akasema.

"Wifi yako ni wa bondeni," akadakia mama mmoja. "Unakula naye sahani moja."

"Nakula naye kwa kuwa ni dada wa mume wangu. Nyimbo nimezitunga miezi sita, nizitupe kwa mlo wa wifi?"

"Damu haiwi maji."

"Hiyo damu ni ya mume wangu! Yangu iko Gwata!" Akasimama. Alikuwa bado na ile kanga, jasho limeilowesha kifuani. "Haya. Aliyefanya yupo hapahapa. Aseme. Sitamgusa. Aseme tu nisikie."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya shangazi, mwali mpya, nimepakwa na kupambwa, natakiwa nisitazame watu usoni. Nikashukuru desturi ile. Nikatazama mkeka. Kama ningesema, ningesema mawili: kwamba sare nimeitoa mimi, na kwamba nilivunja mwiko wa kukaa ndani, jambo ambalo aibu yake ingempata shangazi aliyeniweka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa tu. Mtoto akiogopa hupata sababu nzuri haraka.

Kisha shangazi akasema, "Rudisha sare."

Hilo kwetu lilikuwa kubwa kuliko kupigwa. Mwanamke aliyevuliwa sare haimbi tena na chama, na kwa kuwa kila mtu anajua kwa nini amevuliwa, hakuna chama kingine kinachomwamini. Mwimbishaji aliingia ndani, chumbani kwangu mlemle tulimokuwa tukipinda, akatoka amevaa kanga yake kuukuu aliyokuja nayo asubuhi, ameikunja sare vizuri, pindo kwa pindo. Akaiweka mkekani. Aliponipita akanigusa kichwa.

"Kesho nani atatuimbisha?" akauliza mtu, mwimbishaji alipokwisha kutoka.

"Huyu," akasema shangazi. "Anazijua zote."

Idi pili nikaimbisha. Tulivaa kila mtu kanga yake, mchanganyiko kama jalala, lakini sauti yangu ilikuwa changa na watu wakatulia. Tulishangiliwa. Niliweka maneno chini kama mtoto aliyelala. Wazee wakasema mwali wa kwini ana mkono wa Mungu kooni, na mwezi haukuisha nikaposwa.

Miaka ikaenda. Niliimbisha Idi zote, ndogo na kubwa, na Maulidi, na siku ile gari la serikali lilipokuja kuonyesha sinema ya bure kwenye uwanja wetu, Mzungu akatutaka tuimbe kabla giza halijaingia vizuri. Nyimbo ni zilezile za yule mama. Na yeye? Alikuwa palepale pembeni ya uwanja, ana sinia la kashata na visheti, anauza. Bondeni walimwita akaimbe kwao, akawajibu kuwa akienda atakuwa amethibitisha. Mumewe hakumwacha, lakini nyumbani wifi zake walimtania hata utani ukaacha kuwa utani.

Kila Idi nilikwenda kununua kashata kwake. Sikuweza kutokwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mstari wa tatu unauburuta." Ananifungia kashata kwenye jani. "Ukate mapema, upumue, ndipo upande. Chukua na hiki cha mtoto."

Ananiongezea kisheti. Narudi uwanjani, nakata mapema, napumua, napanda, na watu wanapiga vigelegele. Nikimtazama namwona anatikisa kichwa kuwa ndivyo. Siku nyingine nilitamani anitukane.

Shoga yangu alikuja kwangu mara moja tu kulizungumza. Alisema alimwambia mama mkwe kwa mzaha, hakujua kama wangefika mbali vile. "Tukisema sasa," akasema, "wewe utavuliwa, mimi nitaachwa, na yule mama hatarudishiwa umri wake." Tukakubaliana. Alikufa kwa uzazi masika yaliyofuata, nami nikabaki na nusu zote mbili za siri.

Kisha mwimbishaji akafiwa na mumewe, akarudi kwao Gwata kwa kaka zake. Uwanja haukuwa tena na sinia lake, na mimi badala ya kupata nafuu nikaanza kukosea nyimbo.

Shangazi aliugua zikiwa zimebaki Idi chache Uhuru ufike. Tumbo lilimvimba, na alijua haponi. Aliniita ili anikabidhi mwavuli, niwe kwini baada yake. Nikamwambia siwezi kuupokea kabla sijasema jambo, nikamweleza yote: kizee aliyelala, haluwa, kaniki niliyoinua. Aliniacha nimalize.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani homa inasema.

"Nilipozigawa asubuhi ile, moja ilikuwa imelegea, kanji imetoka. Na pindoni ina vumbi jekundu. Chumbani kwako kulikuwa na vumbi jekundu? Lile ni la barabarani." Akapumua. "Wakati ule sikuelewa. Nilipomwona yule mzee uwanjani, nikaelewa."

"Mbona ukamvua yeye?"

"Ningemvua nani? Mtoto wa kaka yangu, siku ya kutolewa kwake, mbele ya watu? Nani angekuoa?" Akageuza uso ukutani. "Yeye alikuwa na mume tayari. Nilipima. Nikaona yeye atastahimili."

Halafu akasema nisimwambie mtu, maana nikisema nitakuwa nimemvua yeye nguo, kaburini. Nikaupokea mwavuli.

Tulipokwisha kumaliza arobaini yake nikapanda garimoshi Pugu mpaka Ruvu, kisha nikatembea kwa miguu mpaka Gwata. Nilimkuta mwimbishaji shambani anapalilia, mgongo umeanza kupinda. Tukakaa kwenye tuta. Nilimwambia langu, la shangazi sikulisema. Nililia, yeye hakulia. Alikuwa akipukuta udongo kwenye jembe.

"Umemwambia nani mwingine?" akauliza.

"Hakuna, mama. Nimekuja kwako kwanza."

"Basi hujasema kitu. Mimi tangu siku ile najua kuwa si mimi. Umetoka Kisarawe kuja kumwambia mtu mmoja anayejua?" Hakupandisha sauti, aliyaweka maneno chini. "Kawaambie wasiojua."

Akasimama, akaendelea kupalilia. Nikaomba jembe nimsaidie. Akasema liko moja.

Nilirudi. Siku ya kuchagua sare ya Idi iliyofuata nikawaita wote uani, palepale. Wengine walikwisha kufa, wengine walikuwa vibibi, lakini waliomtazama siku ile walikuwa bado wapo wa kutosha. Nikasimama nikasema. Nilisema kuwa mwimbishaji hakufanya, ni mimi, nilivunja ndani nikatoka, nikainua kaniki. Nikaweka mwavuli mkekani, na kanga yangu ya chama juu yake.

Mtu mmoja akasema, "La haula." Mwingine akaanza kulia, yule aliyesema damu haiwi maji. Kisha mmoja, mkubwa kuliko wote, akaniuliza:

"Na kwini, Mungu amrehemu, alijua?"

Wote wakanitazama. Kaburi lake lilikuwa bado halijaota majani.

"Hakujua," nikasema.

Walitumwa wawili kwenda Gwata na sare mpya, wakamwombe radhi kwa niaba ya chama, na kumtaka arudi aimbishe. Walimkuta shambani vilevile. Aliwasikiliza, akaipokea kanga kwa mikono miwili, akalitazama pindo, akashukuru. Akajifunga juu ya ile ya kazi, akashika jembe. Kuimba hakuja. Lakini Kisarawe jina lake lilisafishwa, watu wakawa wanasema alidhulumiwa, masikini, na alidhulumiwa na mtoto mjinga ambaye shangazi yake, mwanamke wa haki, angejua angemvua mbele ya uwanja mzima.

Hilo la mwisho wanalisema mpaka leo, nami huwa naitikia. Angalau mwimbishaji alikufa akijua chama kimemwamini. Hakujua kwamba yule aliyemwambia "Rudisha sare" alikuwa akimtazama usoni na ukweli anao. Shangazi alijua, na mimi nilikana kwa kinywa changu, siku ileile niliyosimama kutubu.